Chupa Iliyoandikwa Paka

Nilipopigiwa simu kuambiwa Saada amefariki, nilikuwa nakata kucha za paka wangu, na nikamaliza kuzikata. Nalitaja hili mwanzo ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani anayemsimulia. Aliyepiga alikuwa jirani yao, mama mwenye sauti ya upole. Aliniambia kuwa maziko yamekwisha, kuwa marehemu hakuugua siku nyingi, na kuwa Bi Zena, mama yake, bado yu hai na ameniulizia kwa jina. Nikasema innalillahi, nikasema Mungu amtie kauli thabiti, nikasema yote yanayosemwa. Kisha nikarudi kwenye mguu wa nyuma, ambao paka wote wanachukia kuguswa, nikaubinya taratibu mpaka ukucha ukatokeza, nikakata ncha tu, mbali na ile sehemu nyekundu yenye damu. Nilifunzwa kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na tisa, na katika mambo ya mwaka ule ndilo pekee ninaloweza kulifanya bila haya.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza shule, sina mpango, nikapata kazi kwa daktari wa wanyama aliyekuwa na vyumba viwili nyuma ya duka la baisikeli, mtaa wa Tononoka. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi la wateja na cha nyuma kilikuwa na meza iliyopigwa bati juu, kabati la dawa, na jokofu lililonguruma kutwa. Rafu ya juu ya jokofu ilikuwa ya chanjo za kichaa cha mbwa, rafu ya chini ya viazi vitamu vya Daktari, na ole wako uchanganye. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na leso kuukuu iliyotundikwa kama pazia, basi kila lililosemwa benchini nililisikia. Mbwa waliletwa kutoka nyumba kubwa za upande wa barabara ya Mama Ngina, na waliowaleta hawakuwa wenyewe bali mabawabu, wengine wakiwashika kamba kwa mbali kana kwamba wameshika waya wa umeme. "Mimi ndiye nimpaye ugali, mimi ndiye nimtoaye kupe," nilimsikia mmoja akilalamika, "lakini akiulizwa mbwa wa nani, ni wa bwana." Paka waliletwa na wenyewe, kutoka Bondeni na Mji wa Kale, ndani ya vikapu vilivyofunikwa, na wenyewe walikuja wakilia kabla hata hawajaambiwa lolote.

Daktari alikuwa Mtaita, mtu mzima, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, mwembamba, mwenye kuongea polepole mpaka wateja wakawa wanammalizia sentensi. Sikuwahi kumsikia akimkemea mnyama. Alinifunza kutazama ufizi kabla ya kutazama kitu kingine chochote, maana ufizi ukiwa mweupe hakuna wakati wa mazungumzo. Alinifunza kumfunga paka kwa leso kama mtoto mchanga, kichwa nje na miguu yote minne ndani, na kumfungua kinywa kwa kubonyeza pembeni, si mbele penye meno. Alinifunza kumtoa kupe kwa koleo ndogo bila kumwacha kichwa ndani ya ngozi, kisha kumdondosha katika mkebe wa mafuta ya taa. Kwa wateja alikuwa na hotuba moja, kwamba paka mkubwa hana haja na maziwa, ana haja na maji safi, na kwamba hayo maziwa ndiyo yanayomharisha. Kina mama waliitikia kwa adabu, wakaenda nyumbani wakampa maziwa. Kwangu alikuwa na sheria moja, naye aliirudia kila Jumatatu kama mtu anayesoma tangazo. "Rehema, kwenye chupa andika neno zima. Andika dawa ni ya nini, ya nani, na inawekwa wapi. Mtu akifika nyumbani atakuwa amesahau yote niliyomwambia."

Mtaani nilikuwa kichekesho. Msichana wa Kiislamu, mwenye buibui, kazi yake kushika mbwa. Walinibandika jina la Rehema wa mbwa, na wapo waliokuwa wakivuta nguo zao nikipita. Nilichukia sana, lakini sikuonyesha, nilikuwa na kiburi wakati ule. Daktari aliponiona siku za mwanzo nimesimama kwenye mfereji wa kunawia sijui la kufanya, mikono imelowa mate ya mbwa, aliniuliza shida ni nini, nikamweleza kwamba kwetu ni kukosha mara saba, na moja katika hizo saba iwe kwa udongo. Hakucheka. Jumatatu iliyofuata alikuja na mkebe wa udongo mwekundu aliouchota kwao Taita, akauweka kando ya mfereji, akaandika juu yake kwa herufi kubwa: UDONGO WA REHEMA, WA KUNAWIA, USITUMIKE KWA KAZI NYINGINE. Hivyo ndivyo yeye alivyoandika vitu.

Nyumba pekee ambayo sikuona haya kuingia nikitoka kazini ilikuwa ya kina Saada, mtaa wa Kibokoni. Saada tulisoma pamoja. Baba yake alikuwa mshoni wa kofia, naye alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, akawaacha wawili, Saada na mama yake Bi Zena, na wa tatu wao paka aitwaye Kashata, wa rangi ya sukari iliyoungua na mabaka meupe. Yule paka aliletwa na marehemu mwenyewe akiwa hajafungua macho, akamlea kwa kitambaa kilichochovywa maziwani. Tangu mzee azikwe, kila ikiadhiniwa magharibi Kashata alikwenda kukaa kwenye pembe ya mkeka wa mzee, akajikunja, akatazama mlango. Mimi nilijua paka hufuata mazoea, Daktari alishanieleza. Bi Zena hakutaka maelezo. Kwake yeye, maadamu Kashata alikaa pale, mume wake hakuwa ameondoka kabisa. Alimsafisha macho kwa pamba na maji ya vuguvugu kila asubuhi, akamchana kwa chanuo la mzee, akamtoa miiba samaki wake mmoja mmoja, yeye mwenyewe akala wake na miiba.

Nikifika alinipokea kwa maswali yale yale, akiwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi. "Masalkheri, Bi Zena," nasema, nikiinama kumbusu mkono, naye anaurudisha mkono nyuma kwanza. "Akheri. Umekosha?" "Nimekosha." "Mara ngapi?" "Saba, Bi Zena." "Na udongo?" "Na udongo, wa Taita." "Haya, kaa ule. Mnyama ana roho, wanaokucheka ndio hawana." Ijumaa moja alipika samaki wa kupaka, changu mzima aliyechomwa kisha akapakwa tui zito la nazi, ndimu na pilipili. Tulikula watatu sinia moja, na Kashata akawa anazunguka nyuma yetu akilia. Saada akamnyoshea kidole. "Mwamuona huyu? Yuwasikia samaki wa kupaka, yuwadhani twasema samaki wa paka. Yuwataka haki yake." Tulicheka mpaka Bi Zena akajifuta machozi kwa ncha ya leso, ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu eda. Nilicheka kuliko wote. Siwezi kudai kwamba sikujua neno lile lina nyuso mbili.

Mwezi huo huo Saada alipata barua ya kuitwa chuo cha ualimu, huko bara. Alikuwa akiisoma kwa sauti, kisha anaikunja, kisha anaikunjua tena. Bi Zena hakutaka. Alisema hajui mtoto wa kike ataishi vipi na watu wa mbali, alisema nyumba itakuwa tupu, alisema mambo ya mjane. Saada hakubishana, alimngoja. Kila nilipokwenda pale nilikuta mazungumzo yamesogea kidogo, mpaka siku moja nikiwa kwenye ngazi nikamsikia Bi Zena akisema kwa sauti ya kujishinda, "Basi wende. N'tabaki na Kashata." Nilipoingia nilimkuta Saada amefunika uso kwa mikono yote miwili. Sijawahi kuona furaha ya namna ile kwa mtu mzima, na nilimwonea kijicho kidogo, nakiri, kwa sababu yeye alikuwa na mahali pa kwenda.

Halafu wakaingia viroboto. Nyumba za kale zina nyufa, mikeka haikauki vizuri wakati wa mvua, na Kashata alikuwa amejikuna mpaka ngozi ya nyuma ya masikio ikawa wazi. Bi Zena akaja naye Tononoka, kikapu kichwani. Daktari akamchunguza, akamkuta na minyoo pia, akampa dawa mbili. Alimweleza Bi Zena polepole, kama kawaida yake: moja ni ya kumnywesha paka, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nyingine ni sumu ya viroboto, hiyo ni ya nyumba, achukue kitambaa, apake kwenye nyufa za ukuta na chini ya mikeka, na paka asikaribie mpaka ikauke. Bi Zena akaitikia naam kwa kila neno. Kisha Daktari akaingia ndani, mimi nikaachiwa chupa nizijaze na kuziandika.

Siku ile benchi lilikuwa limejaa. Palikuwa na mbwa mkubwa mwenye donda la sikio akilia bila kupumzika, bawabu wake amesimama juu ya benchi, na mimi mikono ilikuwa mibichi kwa mate yake, nilitaka kwenda kuikosha adhuhuri isinipite. Lebo za karatasi zilikuwa zimekwisha. Nilikata vipande viwili vya plasta, vifupi, nikashika kalamu. Kwenye chupa ya kunywesha nikaandika KIJIKO. Kwenye ile sumu nikaandika PAKA. Nilikuwa na maana ya kupaka. Niliona neno limenitosha, plasta imenitosha, nikazitia kwenye kikapu chake na kumwambia, "Kila kitu kimeandikwa, Bi Zena. Saada atakusomea." Bi Zena alisoma Kurani vizuri sana, lakini herufi za shule hakuzijua.

Yaliyotokea nyumbani niliyajua kesho yake. Bi Zena alikuwa anakumbuka kwamba dawa moja ni ya paka na moja ni ya nyumba, ipi ni ipi hakukumbuka tena, akamwita Saada asome. Saada akasoma: hii KIJIKO, hii PAKA. Wakaona jambo li wazi. Ya paka ndiyo hiyo iliyoandikwa jina lake. Na hiyo ya kijiko ni ya kutia kijiko kimoja katika ndoo ya maji, wapige deki. Wakapiga deki nyumba nzima kwa dawa ya minyoo. Kisha Saada akamfunga Kashata kwa leso, kama nilivyomwonyesha mimi, akamfungua kinywa kwa pembeni, kama nilivyomwonyesha mimi.

Walifika kabla ya saa nne asubuhi. Daktari alikuwa amevuka kwa feri kwenda kutibu ng'ombe, na ufunguo wa kabati la sindano alikuwa nao mfukoni. Bi Zena alikuwa amejitanda leso mbili tu, yeye ambaye hata jirani hakwenda bila buibui, amemkumbatia Kashata kifuani. "Rehema, njoo! Njoo mtazame, yuwatetema!" Nilimlaza mezani. Mate yalikuwa yanamtoka kama povu la sabuni, miguu imekakamaa, mboni za macho zimekuwa nukta. Ufizi nikauona mweupe. Nilimwosha kinywa, nikamfunika, nikamfanyia yote niliyokuwa nimefunzwa, na yote niliyokuwa nimefunzwa hayakuwa na faida. Saada alisimama nyuma ya mama yake ameishika ile chupa kwa mikono miwili. "Nimempa kijiko kimoja tu," alikuwa akisema. "Nimempa hiyo yake. Hini, iliyoandikwa paka." Na Bi Zena, bila kugeuka, akasema, "Alinambia yanuka mafuta ya taa. Nami n'kamwambia dawa gani isonuka, mpe. Mimi n'lisema mpe." Hayo aliyasema siku ile, mara moja, na mimi ni shahidi. Sikumsikia akiyasema tena.

Saada alininyoshea chupa. Niliona mwandiko wangu, ile P yangu yenye tumbo kubwa, na nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikaichukua na kuitia mfukoni mwa aproni. "Daktari ataitazama," nikasema. Kashata alikufa kitambo kidogo baadaye, mkono wa Bi Zena ukiwa chini ya kichwa chake. Mama yule hakupiga kelele. Alimwambia paka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Basi na wewe wenda kwake." Kisha akamkunja ndani ya leso moja, akabaki na moja kichwani, wakatoka. Kesho yake, alisema mlangoni, atarudi kumwuliza Daktari.

Nilibaki peke yangu na jokofu lile likinguruma. Nataka kusema kwamba nilihangaika, kwamba nilipigana na nafsi yangu. Sikuhangaika. Nilifunga mlango, nikaibandua plasta, nikaitia katika mkebe wa kupe, nikakata plasta nyingine, ndefu safari hii, nikaandika kwa utaratibu: SUMU. KUPAKA UKUTANI NA CHINI YA MIKEKA. PAKA ASIGUSE. Neno zima, ya nini, ya nani, wapi. Uzuri wa mwandiko ule unanichoma hadi leo. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kurudi kukaa bila kazi, na zaidi ya yote niliogopa kuchekwa, kwamba Rehema wa mbwa kumbe hata kuandika hajui. Kwa hofu ndogo kama hiyo nikafanya jambo kubwa kama lile.

Asubuhi yake Bi Zena alikuja na buibui lake, amenyooka, Saada nyuma yake. Daktari akaipokea chupa kutoka kwangu, akaisoma kwa sauti, neno baada ya neno. "Sivyo ilivyokuwa," akasema Saada. "Iliandikwa paka. Paka tu." Bi Zena akamgeukia. "Wataka kusema Daktari muongo?" "La, Mama, lakini sivyo ilivyokuwa. Rehema, n'likupa mkononi. Wewe uliiona." Wakanitazama wote watatu. Naikumbuka sakafu ya chumba kile, ilikuwa ya saruji yenye ufa uliokwenda mpaka chini ya kabati. "Chupa ni hiyo hiyo," nikasema. Halikuwa neno la uongo, na ndiyo maana nililichagua. Nilimwona Saada akianza kujitilia shaka, pale pale mbele yangu, nikamwona akijaribu kukumbuka alichokisoma na kutokuwa na hakika tena. Bi Zena akamshika kifundo cha mkono. "Twende," akasema. "Umemuua paka wa babako kwa uvivu wa kusoma, sasa wataka kuwasingizia watu."

Walipoondoka Daktari alibaki ameishika chupa. Aliizungusha kwenye mwanga. Ilikuwa na mafuta mafuta, chafu kwa alama za vidole, imebebwa kikapuni na kushikwa na watu watatu. "Plasta hii ni safi sana, Rehema," akasema. Kisha akangoja. Alikuwa mtu wa kujua kungoja, angeweza kungoja mnyama dakika nyingi mpaka asogee mwenyewe. Mimi nikachukua fagio, nikaanza kufagia mahali palipokwisha fagiwa. Hakusema neno jingine, siku hiyo wala baadaye, ila tangu hapo chupa aliziandika mwenyewe. Kila nilipomwona ameinama juu ya meza, miwani ikimteremka, akiandika pole pole huku wateja wamejaa, nilijua anajua. Alinyamaza kwa ajili yangu au kwa ajili ya kazi yake, sikupata kujua, na mwisho wa mwaka niliacha kazi bila kumuaga vizuri.

Barua ya chuo ilitiwa katika kasha la Bi Zena na kufungwa kwa ufunguo. Nilikwenda kuwaona mara tatu, na mara ya tatu nilisikia nikiwa kwenye ngazi, kama nilivyokuwa nimesikia ile ruhusa. "Neno moya la chupa limekushinda," Bi Zena alikuwa akisema, bila hasira, hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya, "wende ukasomeshe wana wa watu nini? Wafe?" Nilisimama pale, mkono kwenye ukuta wa chokaa. Palikuwa na ngazi sita za kupanda. Ningezipanda, ningesema maneno kumi, na mwezi wa pili Saada angekuwa ndani ya basi la kwenda bara. Niliteremka. Nimeishi nikizihesabu zile ngazi sita.

Aliolewa, akaachika, akarudi kwa mama yake, akauza viazi vya karai barazani kwa miaka mingi. Hakufuga paka tena, wala Bi Zena hakumruhusu. Nilikutana naye njiani mara kadhaa, tukasalimiana kwa furaha, tukaulizana hali, na kila mara nilijiambia safari ijayo. Mara moja tu aliligusa jambo lile, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha duka huko Bondeni, wote wawili tumeshapita arubaini. Alikuwa amevaa miwani. "Waijua, Rehema," akasema akitabasamu, "mimi hata sasa nikisoma kitu hukisoma mara tatu. Hata jina la mkate. Siyaamini mato yangu." Nilimwambia na mimi macho yangu yameanza kuchoka. Ndivyo nilivyomjibu. Watu wananisifu mtaani kwa upole wangu kwa wanyama, wananiletea paka wenye vidonda na mbwa wenye kupe, nawatibu bure, nao hudhani ni wema. Si wema, nalipia deni kwa mlango usio wake.

Siku ya tatu baada ya maziko nilikwenda Kibokoni kwenye hitma. Nilikuwa nimeshaamua kusema kweli, na nakiri kuamua kulikuwa rahisi kwa kuwa aliyeumizwa hayupo tena kunitazama. Wanawake walijaa chumba cha juu, wamekaa mikekani, kahawa inapitishwa. Bi Zena alikuwa ameegemezwa kwa mito, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, macho yamefunga ukungu, lakini aliijua sauti yangu kabla sijamaliza salamu. Akaushika mkono wangu. Akawa anamtaja bintiye, alivyokuwa mtiifu, alivyomuuguza, na katikati ya sifa hizo akapumua. "Ila kusoma hakujaaliwa. Allah amsamehe. Hata paka wa babake..." Wanawake wawili watatu wakatikisa vichwa kwa huruma, nikajua kisa wanakijua, kwamba kimesimuliwa katika nyumba hii miaka yote, na kwamba kimeingia mpaka kwenye matanga yake.

"Bi Zena," nikasema, "Saada hakukosea. Chupa iliandikwa paka. Niliandika mimi, nikiwa na maana ya kupaka. Mlipoondoka niliibandua plasta nikaandika nyingine. Saada alisoma sawasawa."

Vidole vyake vilisita kwenye mkono wangu. Uso ukanielekea, nami nikangoja anitemee mate, na nilitamani afanye hivyo. Kisha akaanza kunipapasa tena mkono, pole pole.

"Wamsitiri mwenzio," akasema. "Yu mtangani kaburini, na wewe bado wamsitiri."

"Simsitiri, Bi Zena. Wallahi ni mimi nili..."

Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Usiape, mwanangu. Usiape matangani kwa jambo lisokuwa. Mola ameiona nia yako, yatosha." Akawageukia wanawake, sauti imepata nguvu. "Mwamuona huyu? Huyu ndiye Rehema, wamesoma pamoja. Yuwalichukua kosa la maiti ajitwike yeye. Allah amsitiri na yeye, duniani na akhera." Wanawake wakaitikia amina. Mmoja akasema mashaallah, marafiki wa namna hii hawapo tena, na mwingine akajifuta machozi. Aliyekuwa amekaa kuliani kwa Bi Zena akainuka kunipisha mahali pake, pale wanapokaa jamaa wa marehemu. Nikakaa. Waliokuja baada yangu walimpa mkono Bi Zena, kisha wakanipa na mimi, nikaupokea.